"Steringi Hafi": Machozi ya Mtazamaji wa Filamu ya Titanic katika Kibanda cha Video, kwa Kurejelea Nachingwea na Ruangwa

Uhakiki wa filamu ulioandikwa kwa Kiswahili umerithi zana zake kutoka katika uhakiki wa riwaya na tamthiliya. Zana hizo, yaani fani na maudhui pamoja na vipengele vyake vya dhamira, migogoro, wahusika na mandhari, zimesaidia sana kueleza filamu inasema nini. Hazijasaidia vya kutosha kueleza filamu inamfanya nini anayeitazama. Mtazamaji hujitokeza mwishoni mwa uhakiki, kwenye aya ya ujumbe na mafunzo, akiwa ameshaelimika. Haonekani akiwa bado yuko kwenye benchi, ameinamisha kichwa, anajipangusa macho kwa pindo la khanga au kwa kiganja, huku akitumaini kuwa jirani yake hajamwona.

Uhakiki huu unamrudia mtazamaji huyo. Unauliza kwa nini mtu anayejua fika kwamba meli itazama, kwamba kijana atakufa na kwamba watu wale ni waigizaji waliolipwa, hulia. Na kwa nini hurudi siku nyingine kulia kwa filamu ileile. Filamu inayochunguzwa ni Titanic ya James Cameron, iliyotoka Desemba 1997, na mahali panaporejelewa ni wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi. Machozi hayapimwi hapa kwa hojaji. Kinachosomwa ni filamu yenyewe, namna inavyomfikia mtazamaji wa kibandani, na mila ambayo mtazamaji wa huko huja nayo. Pale inaposemwa kwamba "mtazamaji" anaona jambo fulani, anayekusudiwa ni yule ambaye mila na mazingira hayo yanamwezesha kuliona.

Filamu na mapenzi kusini mwa Tanzania

Mji wa Nachingwea ulikuzwa na mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1947, sambamba na Kongwa na Urambo. Mradi ulianguka, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili yake ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kuanzia hapo kila kitu kipya kilifika Nachingwea kwa lori na kwa kuchelewa, filamu zikiwamo. Jambo hili la kuchelewa litarudi baadaye kwa maana nyingine.

Kwa Mwafrika wa Tanganyika, filamu ilianza kama somo. Mradi wa filamu za elimu kwa Wabantu, uliokuwa na makao yake Vugiri kati ya mwaka 1935 na 1937, ulizungusha filamu za kilimo, afya na fedha. Miaka ya 1950 zikaja filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, ambayo Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliigiza akiwa kijana. Mapenzi yaliyomliza mtu yaliingia kwa mlango mwingine, nao ni filamu za Kihindi. Fair (2009) ameonyesha jinsi wakazi wa Zanzibar walivyozitumia filamu hizo kujadiliana juu ya mapenzi, ndoa na mamlaka ya wazazi, na jinsi Awara ya Raj Kapoor (1951) ilivyobaki mioyoni mwao kwa miongo mingi. Hadithi ya Awara ni ya mtoto aliyekataliwa na baba yake hakimu kabla hajazaliwa, akaingizwa katika uhalifu na jambazi, kisha akapenda binti aliyelelewa katika nyumba ya hakimu yuleyule. Watazamaji wengi hawakujua Kihindi. Walilia hata hivyo, na hilo peke yake linatosha kuonyesha kuwa mguso hausubiri kila neno lieleweke.

Mikanda ya video ndiyo iliyoleta filamu za aina hii hadi vijijini. Kibanda cha video, ambacho vijana wamekipa jina la "kibanda umiza" kwa sababu ya mabenchi yake, joto lake na msongamano wake, ni chumba chenye runinga moja, kiingilio kidogo, na ubao mlangoni ulioandikwa kwa chaki filamu za siku hiyo. Titanic ni filamu ya saa tatu na dakika 14. Kuitazama yote kwenye benchi lisilo na egemeo ni uvumilivu, na mtu havumilii kiasi hicho kwa kitu asichokipenda.

Nani steringi?

Nadharia za Magharibi kuhusu machozi ya sinema zimeweka uzito kwenye wakati. Moretti (1983) anaeleza kuwa msomaji hulia pale ukweli unapotambuliwa na muda wa kuutumia umekwisha. Neale (1986) alilipeleka wazo hilo kwenye filamu, na Williams (1991) akaonyesha kuwa filamu ya kuliza huchezea hofu ya kuchelewa. Mswahili ana methali iliyo karibu na wazo hilo: majuto ni mjukuu, huja kinyume. Methali hiyo, hata hivyo, humlaumu anayejuta. Machozi ya kibandani hayamlaumu mtu, na kwa sababu hiyo nadharia ya kuchelewa peke yake haitoshi. Inahitaji kukutanishwa na nadharia ambayo mtazamaji mwenyewe huja nayo.

Nadharia hiyo ni fupi: kila filamu ina steringi, na steringi hafi. Kauli hii huchukuliwa kama masihara ya vijana, lakini kwa kweli ni kanuni ya utanzu, na imejengwa kwa miaka mingi ya kutazama filamu za ngumi na bunduki. Hata pale steringi anapopaswa kufa, filamu hujua kumsitiri. Mwishoni mwa Fist of Fury (1972) Bruce Lee anawarukia wenye bunduki, milio inasikika, lakini picha inagandishwa angali hewani. Mwili wake hauonekani ukianguka, na mtazamaji anayetaka kuendelea kuamini ameachiwa nafasi.

Jack Dawson ana alama zote za steringi. Anapata tiketi yake kwa kushinda karata dakika za mwisho kabla meli haijang'oa nanga. Anamwokoa Rose anapotaka kujitupa baharini. Anaketi kwenye meza ya matajiri wanaotaka kumdhalilisha na anainuka bila kudhalilika. Ana adui, Cal Hockley, mwenye fedha na mtumishi mwenye bastola. Mtazamaji wa kibandani huyasoma haya kwa haraka kuliko mhakiki yeyote, na tangu hapo anatulia: yatatokea mengi, lakini huyu tunaye hadi mwisho.

Kisha Jack anakufa. Hakupigwa risasi wala hakuanguka katika pambano; baridi ya maji imemmaliza taratibu, na Rose anagundua hilo pale tu anapomwamsha kumwambia kuwa mashua imerudi. Hapa ndipo wazo la Moretti linapopata nyama, kwa kuwa msaada umekuja na anayepaswa kuupokea hayupo. Lakini kwa mtazamaji mwenye kanuni yake kuna jambo kubwa zaidi. Ama kanuni imevunjwa, ama yeye alihesabu vibaya. Akiangalia vizuri anakuta kuwa alihesabu vibaya. Steringi alikuwa Rose. Dalili ilikuwapo tangu mwanzo, kwa kuwa anayesimulia mkasa wote ni Rose mwenyewe akiwa na miaka 100, na msimulizi hawezi kuwa amekufa majini. Steringi hafi, na kweli hakufa. Anapiga filimbi aliyoichukua kutoka kwa maiti ya ofisa wa meli, anaokolewa, na anapoulizwa jina katika meli ya Carpathia anataja ukoo wa Jack.

Kwa hiyo machozi ya mara ya kwanza yamebeba pia kujisahihisha. Mtazamaji analia kwa ajili ya Jack, na wakati huohuo anatambua kuwa kwa saa mbili na zaidi alimtazama binti kama mzigo wa kuokolewa ilhali binti ndiye filamu. Ni machozi yenye fedheha kidogo ndani yake, na pengine hiyo ndiyo sababu watu huyaficha.

Anayeitazama mara ya pili ameshalijua hilo, na bado hulia. Tofauti ni mahali anapolia. Hana haja ya kungoja barafu. Tukio la wapenzi wawili kwenye ncha ya mbele ya meli, wakati wa machweo, ni la furaha tupu kwa mgeni. Lakini Cameron ameliunganisha tukio hilo na picha ya ncha ileile ikiwa na kutu chini ya bahari, na bibi Rose anasema kuwa hiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa Titanic kuona mwanga wa mchana. Mtazamaji mzoefu huanza kulia hapo, wakati wageni bado wanashangilia busu. Kadiri filamu inavyorudiwa ndivyo machozi yanavyohamia nyuma, kutoka kwenye kifo kwenda kwenye furaha. Mapenzi ya mtu kwa filamu aliyoizoea hujidhihirisha zaidi hapa kuliko kwenye idadi ya mara alizoitazama.

Sauti moja kwa watu wote

Filamu nyingi za kigeni humfikia mtazamaji wa kibanda zikiwa zimetafsiriwa. Mfasiri mmoja, kwa kawaida mwanamume, hupunguza sauti ya asili na kuweka yake juu. Husema maneno ya kila mhusika, hueleza kinachoonekana, hukosoa, hutania. Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ni miongoni mwa walioupa ufundi huu jina nchini Tanzania. Englert na Moreto (2010) wameuchunguza kama tukio la mahali lenye mantiki yake, na Krings ameulinganisha na kugeuza wali kuwa pilau.

Mfano wa pilau unafaa kwa filamu za mapigano, ambako viungo vingi haviharibu ladha. Kwa filamu ya mapenzi mambo ni magumu zaidi. Mtu angetarajia kuwa sauti nzito ya mwanamume inayosema maneno ya Rose ingeua kila hisia. Haiui, na sababu yake imo katika fasihi simulizi. Mfasiri haigizi kuwa Rose. Anasimulia kwamba Rose amesema. Bibi anayesimulia hadithi jioni husema maneno ya sungura, ya fisi na ya binti wa mfalme kwa kinywa kimoja, na hakuna mtoto aliyewahi kulalamika kuwa sungura ana sauti ya bibi. Mtazamaji wa kibandani amerudishwa kwenye utaratibu huo. Tena sauti ya mwanamume inapoomboleza mapenzi hadharani, wanaume waliojaa kwenye mabenchi hupata kibali ambacho mila haiwapi kwa urahisi.

Ugumu wa kweli uko kwenye dakika za mwisho, ambazo karibu hazina maneno. Bibi anakwenda kwenye ukingo wa meli usiku, anaidondosha almasi baharini, kisha anaonekana kitandani huku kamera ikipita taratibu kwenye picha za maisha yake. Hakuna cha kutafsiri. Mfasiri anayeendelea kueleza hapo, au anayetumia utulivu huo kutangaza duka lake, ameuharibu mkanda, hata kama amefanya kazi njema kwa saa tatu. Kunyamaza ni sehemu ya tafsiri, na tafiti kuhusu ufundi huu zimeweka mkazo kwenye kile mfasiri anachoongeza zaidi kuliko kile anachojizuia kusema.

Mama afanyaye kazi ya kungwi

Katika tukio moja Ruth, mama yake Rose, yuko chumbani na binti yake. Anazikaza kamba za nguo ya kubana kiuno huku akimwambia kuwa fedha zimekwisha, kwamba baba aliacha madeni na jina zuri tu, na kwamba ndoa na Hockley ndiyo itakayowaokoa. Uhakiki wa kawaida huliona tukio hili kama ishara ya kifungo cha mwanamke: kiuno kimebanwa, maisha yamebanwa. Usomaji huo ni sahihi, ila ni mwepesi.

Kwa mtazamaji aliyekulia kati ya Wamwera, Wamakua, Wayao au Wamakonde wa Nachingwea na Ruangwa, tukio hili lina sura anayoifahamu. Mwanamke mzima na binti wamejifungia, mwili wa binti unashughulikiwa, na binti anaambiwa ndoa ni nini. Hivyo ndivyo unyago ulivyo kwa umbo lake la nje. Mila hii imedumu katika eneo hili kupitia Uislamu na Ukristo. Huko Masasi jirani, Askofu Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana aliamua kuiingiza jando katika ibada ya Kikristo badala ya kuipiga marufuku. Mashairi ya pwani nayo yanaijua sauti ya mama anayemuusia binti kuhusu ndoa, kama Mwana Kupona alivyomuusia binti yake mwaka 1858.

Lakini palipo na kufanana ndipo tofauti inapouma. Mafunzo ya unyago hayatolewi na mama mzazi. Haya iliyopo kati ya mama na mwanawe inazuia hilo, na kazi hukabidhiwa kwa somo au kungwi, tena katikati ya wanawake wengine, kwa ngoma na nyimbo. Ruth anaifanya kazi ya kungwi mwenyewe, akiwa peke yake, kwa sababu ya deni. Swali la pili linafuata. Wamwera kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa katika posa. Mjomba wa Rose yuko wapi? Filamu haina jibu kwa sababu haikufikiria swali. Mtazamaji anayeliuliza anamwona Ruth kwa namna ambayo Cameron pengine hakuikusudia: mjane asiye na ndugu wa kumsemea, anayemuuza mwanawe kwa kuwa hakubakiwa na kingine cha kuuza. Mkono wake unatetemeka anaposema kuwa wanawake hawana chaguo rahisi. Machozi yanayotoka hapo hayamhusu Jack hata kidogo. Kundi la wasomi linalodai kuwa filamu ya mapenzi humliza mtu kwa kumfanya ajione ndani ya wapenzi wawili halijawahi kuketi karibu na mama mwenye binti wa kuozwa.

Meli

Ni rahisi kusahau kuwa filamu hii inahusu pia kuzama. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, miezi 19 kabla Titanic haijatoka, na mamia ya watu wakafa. Mtanzania aliyeiona filamu hiyo kwa mara ya kwanza aliitazama taifa likiwa na kilio kichanga. Waliozaliwa baadaye waliitazama wakiwa wamesikia habari za MV Spice Islander ya Septemba 2011. Nachingwea iko mbali na Ziwa Victoria, lakini haikuwa mbali na maji. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, aliyekwenda Dar es Salaam kwa barabara alivuka Rufiji kwa kivuko, na wengine walipanda meli Mtwara. Kwa msafiri huyo mageti yaliyofungwa dhidi ya abiria wa daraja la tatu hayahitaji kuelezwa kwa nadharia ya matabaka. Mtu anaweza kuwa amekuja kutazama mapenzi, na filamu ikampa ruhusa ya kumlilia aliyezama naye hakuonekana tena.

Pingamizi

Pingamizi zito zaidi limetolewa na Žižek (2008). Kwa maoni yake, Titanic ni hadithi ya binti tajiri anayejipatia uhai mpya kwa kuunyonya wa kijana maskini, kisha kijana anaondoka jukwaani akiwa amekwisha kutumika. Huruma ya filamu kwa wanyonge, kwa usomaji huu, ni pazia tu.

Pingamizi hili haliwezi kufutwa, na kwa kibanda lina makali ya ziada. Kijana anayeishi kwa kibarua cha kubeba magunia wakati wa msimu wa korosho, akatoa kiingilio chake ili alie kwa sababu maskini amekufa na tajiri ameishi, analia upande wa nani? Ugunduzi uliotajwa hapo juu, kwamba steringi ni Rose, unaweza kusomwa kama ushindi wa Žižek: hata kanuni ya vijana wenyewe imegeuzwa kumpa tajiri haki ya kutokufa. Kinachoweza kusemwa kwa upande wa pili ni kidogo lakini si cha kupuuzwa. Rose haishi kama tajiri. Anajificha kwa Cal kwenye sitaha ya Carpathia, hamrudii mama yake, anachukua jina la maskini, na kwa miaka 84 anakaa na almasi asiyoiuza. Filamu inajua kuwa deni lake kwa Jack halilipiki. Žižek anasoma kilichochukuliwa, na kibanda kinasikia pia ahadi iliyotunzwa. Usomaji wote wawili una ushahidi ndani ya mkanda, na mhakiki anayechagua mmoja ili uhakiki wake uwe nadhifu anapunguza filamu.

Bibi anasema kuwa hana hata picha moja ya Jack, na kwamba hakupata kumtaja kwa mtu yeyote, hata kwa mume wake. Katika vijiji ambako wengi wa waliozikwa hawakuwahi kupigwa picha, hilo si jambo la ajabu. Sura za marehemu zimo vichwani mwa bibi na babu, na huondoka nao. Muda mfupi baadaye kamera inapita kwenye picha zilizopangwa kando ya kitanda. Zote ni za Rose: juu ya farasi, kando ya ndege, akiwa kijana kisha mtu mzima, akifanya moja baada ya nyingine yale aliyoahidiana na Jack. Mtazamaji aliyeshika maneno ya bibi anamtafuta Jack katika kila picha, fremu kwa fremu, ingawa ameshaambiwa hayumo.